Joka la Duara la Marcel

Wachimbaji wa Rwamgasa walikuwa na joka lao kabla Lusia hajafika huko. Waliosema wamelisikia walikuwa wengi kuliko waliosema wameliona. Zamani, kwa masimulizi ya wakongwe wa machimbo, lilikuwa nyoka tu, mnene kama gogo la mninga, amejiviringa chini juu ya mwamba wenye dhahabu. Ukimkosea, anaihamisha dhahabu usiku kwa usiku na kuwaachia mawe matupu. Halafu Donatus akafungua banda la video karibu na soko. Akawa analeta filamu za kigeni zenye majoka ya mabawa, anazitafsiri mwenyewe kwa kipaza sauti, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na wachimbaji wakitoka shimoni na vumbi kwenye kope wanakaa kwenye mabenchi kutazama miji inavyoungua. Haukupita muda, joka la Rwamgasa nalo likaota mabawa. Likaanza kutema moto. Mwenye kuulizwa lina vichwa vingapi alijibu kufuatana na filamu aliyoiona wiki ile.

Bujiku, mume wa Lusia, alikuwa anayacheka mambo hayo. Alitoka Tinde baada ya pamba kumtupa misimu mfululizo, akaja na mdogo wake Enock kuchimba kwenye duara la Marcel. Duara ndilo shimo lenyewe: mdomo mpana kama chumba, kuta zimeshikwa kwa magogo, na kamba inayoshuka hadi chini kabisa, ambako njia nyembamba inaufuata mwamba. Jioni alimsimulia binti yao Zipora habari za joka huku akipuliza moshi wa ugali kama ndiyo pumzi yake, mpaka mtoto anakimbilia nyuma ya mlango akicheka.

"Usimtie mtoto woga," Lusia alimwambia.

"Woga gani? Mjukuu wa Ndaki aogope nyoka?"

Ndaki alikuwa baba yake Lusia, na jina lake lilijulikana Tinde nzima. Alikuwa kiongozi wa Bayeye, wale Wasukuma wanaokamata nyoka, wanaotibu walioumwa, na wanaocheza ngoma na chatu shingoni. Lusia alikulia kwenye nyumba ambamo sanduku la chatu lilikaa chini ya kitanda kama masanduku mengine ya nguo. Msichana mdogo bado, alishaingia uwanjani na chatu mabegani, watu wakipiga kelele. Aliacha alipoolewa na kuanza kwenda kanisani. Lakini neno moja la baba yake halikumtoka. Myeye hasemi amemshika nyoka ambaye hajamshika. Wengine wakikuamini, Ndaki alikuwa akisema, wataingiza mikono yao shimoni kwa sababu ya maneno yako.

Kwenye duara la Marcel mwanamke hakuruhusiwa kusogea karibu. Kamba ya manila ilizungushwa kwenye vigingi, na Lusia aliuza uji na vitumbua nje ya kamba hiyo. Ilisemekana joka likinusa harufu ya mwanamke, ama linaondoka na dhahabu ama linaua. Alishazoea. Alimmiminia mumewe uji kwenye kikombe, akamnyooshea juu ya kamba kama anayempa mtu wa nchi jirani.

Mwaka ule mvua zilikuwa kubwa. Maji yalijaa kwenye njia za chini, na mashine iliyowekwa juu haikuweza kuyavuta kutoka kina kile. Asubuhi ya siku hiyo Marcel, mwenye duara, aliamua pampu ya petroli ishushwe chini kabisa. Bujiku alishuka nayo, Enock akamfuata. Lusia aliwaona wakikaa mmoja baada ya mwingine kwenye kitanzi cha mpira wa tairi, tochi zikiwaka kwenye vipaji vya nyuso, wakazama. Kisha mlio wa pampu ukasikika kwa mbali. Mpira ukaanza kutapika maji ya rangi ya chai ya maziwa, na wanaume wa winchi wakashangilia.

Baadaye kidogo mlio ukakatika. Maji yakakoma. Wakangoja kamba itikiswe. Haikutikiswa. Thobias, mzungusha winchi, aliinama akaita, "Bujiku! Oya, Bujiku!" Sauti yake ikateremka, na hakuna iliyopanda.

Thobias alikuwa mtu wa nguvu na hakuwa mwoga. Alijifunga kamba kiunoni, akashushwa. Hakuwa amefika chini aliponguruma kitu kisichoeleweka, na waliompandisha wakamtoa akiwa amelegea kama nguo iliyolowa. Akatapika juu ya udongo. Macho yalikuwa yanamzunguka.

"Lipo," alisema. "Limenipulizia. Nimeyaona macho yake mawili, yanawaka, yako kulekule chini, yananitazama."

Watu wote wakarudi nyuma kwa pamoja. Mmoja alikimbia moja kwa moja, akaacha kandambili zake.

Lusia alikuwa ameshaangusha ndoo ya uji. Alisimama kwenye kamba ya manila, mikono imeikaba. "Macho mawili?" alipaza sauti. "Hizo ni tochi zao! Ni Bujiku na Enock! Wamelala hapohapo chini, na huo ni moshi wa pampu! Thobias, jinuse shati lako!"

Thobias hakujinusa.

Wala siyo kwamba hawakujua. Hakuna mchimbaji asiyejua hewa nzito. Lakini mtu mzima mwenye kifua kama kile alikuwa ametoka shimoni akizungumza habari za macho, na kila aliyekuwa pale alikuwa ameshayaona macho hayo bandani kwa Donatus. Marcel alisogea pembeni, akampigia simu mganga wake wa Geita. Aliporudi uso ulikuwa umesawijika.

"Anasema shimo lifunikwe," alisema. "Asishuke mtu mpaka jua lizame. Joka limekasirika, likiguswa sasa litachukua wengine."

"Mpaka jua lizame?" Lusia alimtazama kama hakusikia. Jua lilikuwa halijafika hata utosini. "Bosi Marcel, hao ni watu. Wanahema huko chini. Wewe mwenyewe ulimwambia mume wangu ashuke na ile mashine."

"Mama Zipora, rudi nyuma ya kamba."

Ndipo alipogundua kwamba ameshaivuka. Wanaume wawili wakamshika mikono, si kwa ubaya, wakamtoa kama mtu anavyotoa mbuzi kwenye shamba la mtu. Wengine walikuwa wanavuta mabati kufunika mdomo wa duara. Lusia alilia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua. Alimwomba mmoja, akamwomba mwingine. Alimshika miguu kijana aliyekula vitumbua vyake asubuhi ileile. Kijana alimsaidia kuinuka, akatazama pembeni.

Alipoona hakuna atakayesogea, alikimbia.

Duka la Riyaz lilikuwa barabarani, limejaa pampu, mikanda, kamba na majembe. Riyaz alizaliwa Geita, babu yake alikuja huko enzi za ginari ya pamba, na Kisukuma alikizungumza kuliko vijana wengi wa mjini. Alimwona Lusia anaingia bila viatu, kanga imemfungukia, akasimama.

"Mama Zipora! Kuna nini?"

"Kaka Riyaz, pampu imewapumulia moshi. Bujiku na Enock. Wanafunika shimo, wanasema ni joka. Nahitaji ile mashine ya kupuliza hewa. Sina chochote cha..."

"Nyamaza basi, usiseme hayo." Alikuwa ameshaanza kuvuta blowa toka rafuni. "Shika upande huo."

Wakapakia blowa, jenereta na mpira mpana wa hewa kwenye pikapu yake. Njiani Riyaz alipiga honi mfululizo, na mara moja tu akasema, kama anayeongea na usukani, "Hawatatuacha tuiwashe."

Lusia alijua. Alikuwa analifikiria hilo tangu dukani. Hewa peke yake isingetosha, ilihitaji mikono ya kuondoa mabati, ya kushusha mpira, ya kuzungusha winchi. Yeye na Riyaz wasingeweza. Na watu wale hawakuwa wanapigana na moshi, hata ukiwaambia moshi mara mia. Alichukua simu ampigie baba yake, kidole kikawa juu ya jina lake, kisha akairudisha mfukoni. Alijua angemjibu nini.

Walipofika, mabati yalikuwa yameshapangwa na juu yake mawe. Lusia alishuka kwenye pikapu. Alivua kitambaa cha kichwani, akajifunga kiunoni kama wanavyojifunga wachezaji. Akaivuka kamba ya manila akitembea, hakukimbia.

"Mimi ni binti wa Ndaki wa Tinde," alisema. "Wanaomjua baba yangu wapo hapa."

Minong'ono. Wapo waliomjua. Mzee mmoja wa karasha, mashine ya kusagia mawe, alitikisa kichwa kukubali.

"Nimeongea na baba yangu. Joka hili tunalifahamu. Ni joka la maji, halipendi upepo. Dawa nimepewa, na jina lake nimepewa. Nalifunga sasa hivi."

Akaanza kucheza. Akapiga miguu kwenye udongo mwekundu jinsi alivyofundishwa utotoni, mabega yakijikunja, mikono ikimshika chatu asiyekuwepo, akimwinua, akimviringisha shingoni, akiimba kwa Kisukuma wimbo ambao Bayeye huuimba wakimtoa nyoka shimoni. Alikuwa analia wakati anaimba na hakuna aliyejua kwamba ni kilio. Wanaume wazima waliziba midomo. Thobias alipiga magoti.

"Ondoeni mabati!" Lusia aliamrisha. "Linataka kukimbia upepo. Leteni upepo!"

Wakaondoa. Jenereta la Riyaz likanguruma, mpira wa hewa ukavimba kama utumbo, wakaushusha pole pole kando ya ukuta. Hewa ya chini ilianza kupanda, ya joto, yenye harufu ya petroli na kinyesi cha popo, ikamgonga Marcel usoni, naye akaruka nyuma akipiga yowe. Lusia aliendelea kuimba. Alijua ni lazima wasubiri hewa ibadilike, na kusubiri huko ndiko kulikomtoa roho, kwa sababu kila ubeti wa wimbo ulikuwa pumzi ambayo huenda mtu chini hakuipata. Riyaz alimtazama kutoka kwenye jenereta. Mwisho akamwashiria kwa kichwa: sasa.

"Limefungwa," Lusia alisema. "Shukeni."

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema limefungwa! Thobias! Bosi Marcel!"

Marcel alimwonyesha kitanzi cha tairi. "Kama umelifunga, Mama Zipora," alisema taratibu, "shuka wewe."

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anaogopa tu, na aliyoyasema yalikuwa ya haki. Lusia alitazama mdomo wa duara. Katika maisha yake yote hakuwahi kushuka shimoni, hata la choo. Akakaa kwenye kitanzi cha tairi. Riyaz alimfunga kamba ya pili kifuani, akamvalisha tochi. "Kizunguzungu kikianza, tikisa," alimwambia. "Usingoje hata kidogo. Tikisa."

Akashuka. Magogo ya ukutani yalipita mbele ya uso wake yakitoa maji. Duara la mwanga juu likapungua hadi likawa kama sahani. Mpira wa hewa ulikuwa unavuma pembeni yake na aliuegemeza uso wake humo, akavuta hewa. Kichwa kilianza kugonga taratibu. Chini aliona mianga miwili, myekundu sasa kwa betri kuisha, na ingawa alijua ni nini, ingawa yeye ndiye aliyewaambia watu ni nini, aliishika kamba kwa mikono yote miwili. Kwa kitambo aliyaona macho.

Miguu ikagusa kifusi. Enock alikuwa juu ya kifusi, chali, mdomo wazi. Bujiku alikuwa chini yake kidogo, kifudifudi, mkono mmoja umeushika mguu wa mdogo wake. Alama za kuburuta zilionekana kwenye tope kutoka kwenye ile njia nyembamba. Alikuwa amemvuta Enock hadi hapo, chini ya mdomo, kwenye hewa, amemsukuma juu ya kifusi, na nguvu zikamwishia. Uso wake ulikuwa ndani ya maji yasiyozidi kifundo cha mguu.

Lusia alimgeuza. "Bujiku. Baba Zipora." Alimfuta tope machoni. Alimpiga makofi. Aliweka mdomo wake kwenye mdomo wake akampulizia, akampulizia tena, na kile kilichotoka kilikuwa maji. Ngozi ilikuwa baridi kama udongo. Akaendelea. Akaivua kamba ya kifuani mwake, akamfunga nayo, akaifungua kwa sababu fundo lilikuwa baya, akaanza upya. "Twende," alikuwa anasema, "twende juu, twende." Kichwa kilikuwa kinapiga sasa kama ngoma, na miguu haikuwa yake.

Nyuma yake Enock akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, kama cha mtoto usingizini. Lusia alitulia. Kamba ilikuwa mkononi, nusu imezunguka kifua cha mumewe. Alimtazama Bujiku, akamtazama Enock. Halafu akaivuta kamba kutoka chini ya mgongo wa Bujiku, na kuivuta huko kulikuwa kugumu, ilinasa, ilibidi amwinue mumewe kwa bega kama anayemlaza kitandani. Akamfunga Enock. Akamketisha kwenye kitanzi, akatikisa kamba kwa nguvu zote. Enock akapanda, akizunguka zunguka, mguu wake ukampiga Lusia begani alipopita.

Akabaki peke yake na mumewe na mvumo wa hewa. Alikaa majini akampakata kichwa. Hakuwa na kamba tena, na usingizi mtamu ulikuwa unamjia, akawa anafikiri kwamba atapumzika kidogo tu.

Kitanzi kiliporudi hakikuwa kitupu. Thobias alikuwa amekaa humo, anasali kwa sauti, macho ameyafumba. Walikuwa wamemwona Enock akitoka anahema, naye akajifunga kamba bila kuambiwa na mtu. Alifumbua macho, akaona yaliyokuwa pale, akanyamaza. Alimfunga Lusia kwenye kamba kama mzigo, akampandisha. Kisha akampandisha Bujiku, yeye akaja wa mwisho.

Riyaz aliwapeleka hospitali wote wakiwa nyuma ya pikapu. Enock alipona, ingawa kwa muda mrefu alikuwa anasahau majina ya vitu, anaita kijiko "kile". Bujiku alikuwa ameshakufa kabla Lusia hajakalia kitanzi cha tairi. Daktari alimwambia hivyo kwa wema, ajue hakumwacha mtu hai. Haikumsaidia. Alikuwa anaamka akihisi ile kamba ilivyonasa.

Kabla ya msiba kwenda Tinde, wachimbaji walikuja kumpa pole. Lusia aliwaambia ukweli wote wakiwa wamekaa. Aliwaambia hakuzungumza na baba yake siku ile ya shimo. Hakuna dawa. Hakuna joka. Ni pampu, na pampu isishushwe tena chini, kamwe. Walimsikiliza kwa heshima sana. Mzee wa karasha alisema, "Tumeelewa, mayu, mama yetu. Dawa za Bayeye hazitajwi hadharani." Marcel alimwuliza kwa sauti ya chini kama angeweza kuja kulitazama duara lake jipya. Huko sokoni walikuwa wanasema joka lilimwachia mmoja, likabaki na mmoja, ndiyo mapatano aliyofanya nalo. Donatus aliisimulia kwenye kipaza sauti kabla ya filamu.

Baada ya mazishi alimweleza baba yake. Ndaki alimsikiliza akiwa ameinamia fimbo yake. "Ulisema umelishika," alisema.

"Nilisema."

"Na watu wakaingiza mikono."

"Mmoja tu aliingia baada yangu, baba. Akatoka."

Ndaki hakumlaani. Kwa siku kadhaa alikuwa anampita uani bila neno, na Lusia hakujua kama ni hasira au ni majonzi ya mkwe.

Mwezi ulikuwa haujaisha pikipiki ziliposimama mbele ya nyumba, waendeshaji wamejaa vumbi hadi kwenye meno. Walitoka machimbo mapya upande wa Kahama. Mmoja alishuka kabla pikipiki haijasimama sawasawa. "Shikamoo mzee. Tunamtafuta mama aliyelifunga joka la Rwamgasa. Kaka yangu yuko chini na mwenzake. Tangu asubuhi. Limewapulizia."

"Kuna pampu chini?" Lusia aliuliza.

"Ipo."

"Ni moshi wake. Basi hakuna joka. Pigeni simu watu wenu, wapelekeni hewa sasa hivi, chochote, hata maturubai ya kuelekeza upepo shimoni, watu wasifunike..."

"Mama." Kijana alikuwa analia wazi. "Wameshafunika. Nimewaambia hewa, wamenipiga. Wanasema mpaka uje wewe. Nakuomba. Nakuomba wewe ndiye uwaambie."

Lusia alimtazama baba yake. Ndaki alikuwa amesimama mlangoni. Aliingia ndani, wakasikia sanduku likiburutwa, akatoka na mkufu wa mifupa ya chatu aliouvaa miaka yote uwanjani. Alimvika binti yake shingoni, akaurekebisha usimkabe, akageuka kurudi ndani bila kumtazama.

Lusia alipanda nyuma ya kijana. Zipora alikimbia hadi barabarani akimwita, bibi yake akamshika. Pikipiki ilipoingia lami alitoa simu, akaipiga huku upepo ukimpiga usoni, akipaza sauti ili asikike.

"Kaka Riyaz! Yule ndugu yako wa Kahama, Firoz, ana mashine ya hewa? Mwambie aipakie. Mwambie asiulize kitu, aje nayo tu, na akifika asiseme neno. Mimi ndiye nitakayesema."